Akiba ya Kokiche

Kisu changu cha maabara ni wembe wa kunyolea,
hakuna kingine kinachochana utando mwembamba hivi.
Naulaza ukoga wa tunguu juu ya kioo,
nadondosha tone moja la iodini,
nainamia hadubini,
na wanga unageuka zambarau, chembe kwa chembe,
kama mayai ya samaki yaliyomwagikiwa wino.

Hiki ndicho chakula alichojiwekea kokiche,
chakula cha Machi, kilichopikwa mwaka jana
na jani ambalo sasa ni tope.
Akiba haiozi, mama.
Aliyeoza ni mpishi.

Pembeni, katika seli zenye ute,
fuwele zimefungwa mafungu mafungu
kama sindano kwenye kibweta cha fundi;
panya akijaribu, atarudi na ulimi uliotobolewa.
Na ndani zaidi, katika kifuko cha maji
ambacho iodini haikipaki rangi,
limefichwa lile chungu,
lisilo umbo, lisilo kivuli,
lile ambalo mimi hulipata kwa hesabu tu.

Mmea hauna miguu ya kukimbilia.
Huketi pale pale ulipoota, kingoni mwa Tundzha,
maji yakiupanda hadi shingoni,
na kila unachokiogopa hukijibu kwa kupika.
Mbuzi wa kijijini kwetu walilijua hilo bila shule:
walitafuna mierebi,
wakalitafuna hata koti la posta,
kokiche wakaliruka.

Lakini wewe ulilikata.
Miaka ishirini na mitatu, kila Mei,
viatu vya mpira hadi magotini,
wewe na Penka na yule Stoilka mwenye kikohozi,
mkishindilia majani katika magunia ya kiwanda.
Huko yalikaushwa, yakasagwa, yakakamuliwa,
gunia zima likawa unga usiojaza kijiko.
Hamkuambiwa unatibu nini.
Stoilka alisikia ni wa watoto waliopooza.
Penka alisema ni wa waume wavivu.

Mimi nimeisomea kazi yake.
Kichwani, seli hurushiana neno,
na neno likishasikika huja mfagiaji
akalizoa, isibaki hata herufi.
Kwako maneno yamekuwa haba
na mfagiaji hajapunguza kasi.
Lile chungu la kinamasi humshika ufagio,
kidogo,
asubuhi na jioni, pamoja na mkate.
Halileti neno jipya. Halifufui.
Humchelewesha tu.

Daktari Karaslavov alinieleza haya polepole
kana kwamba siyajui,
nami nikamwacha aeleze.
Wiki ya kwanza ulitapika.
Ya pili ulisukuma sahani ya maharagwe
ukasema nimekuwekea kitu.
Ni kweli, nilikuwekea.
Lilikuwa sumu kabla halijawa dawa,
na kati ya hii na ile
pana kipimo tu, na mkono wa anayepima.

Jumapili nilikuja na jani moja bichi
ndani ya gazeti lenye unyevu.
Sikusema kitu. Nililiweka mapajani pako.
Jina langu lilikuwa limekupotea tangu Krismasi,
na siku hiyo pia uliniita karani.
Lakini mkono wa kushoto ukalishika jani,
wa kulia ukapima vidole viwili kutoka chini,
na kidole gumba kikakata hewa
pale pale, palipo salama,
ili tunguu lililo ardhini liishi hadi mwakani.

"Mizani inasema ngapi?" uliuliza.

Nikatafuta namba.
"Kumi na tisa," nikasema.

Ukanitazama kwa yale macho yako ya Mei.
"Ishirini na moja," ukasema.
"Mizani yenu mwizi."