Agenda Namba Nne

Mwandiko ni wangu. Kalamu ya bluu
iliishiwa wino ukurasa wa tatu,
nikamalizia na nyekundu ya mwalimu Ndahani;
mkiona wekundu msidhani ni hasira.
Ofisi ya kata, Hombolo, saa nne kasorobo,
upepo wa Julai unachapa bati,
vumbi linaingia bila hodi.
Wajumbe kumi na saba. Akidi imetimia.

Agenda namba nne: kufunga vilabu vya pombe
siku za ibada.
"Zipi?" akauliza mtendaji,
na hapo ndipo kikao kilipoanza.

Ijumaa, akasema Shehe Kijuu.
Jumapili, akasema Katekista Obadia.
Jumamosi, ikasema sauti ya nyuma:
Msabato mmoja, fundi baiskeli,
hajafungua kinywa tangu achaguliwe.
Nikaandika zote. Wiki ikabaki na siku nne,
kama mkeka uliopitiwa na mchwa.

Obadia akasimama. Sitamcheka.
Machi alimzika Lameki, mwanawe,
aliyekutwa alfajiri mferejini, kando ya mizabibu ya watu,
mdomo umejaa udongo na harufu ya kimea.
"Mnaniambia uhuru," akasema.
"Mwanangu alikuwa huru.
Alikuwa huru mpaka saa nane za usiku.
Ng'ombe tunamfunga kamba kwa kuwa tunampenda;
mtu ndiye aachwe bila?"
Hakuna aliyekohoa.
Hilo sikuliandika. Kalamu ilikataa.

Damari Mbeho, apikaye nyuma ya mashine ya kusaga,
aliyesomesha wawili kwa kimea hichohicho,
hakusimama. Magoti hayamruhusu.
"Katekista, msiba wako niliupikia.
Sufuria zangu zililala kwako siku nne.
Ila nieleze. Mgambo akija kunimwagia mapipa,
mkononi atashika kirungu au kitabu?
Kama ni kitabu, kipi?
Kikiwa cha Shehe, hata divai ya altareni kwenu imo.
Kikiwa chako, basi Shehe atuambie
zile tani mbili za zabibu za msimu uliopita,
wenye kiwanda walizinunua wakatengeneze juisi?"

Kicheko kikazunguka chumba.
Hata Shehe, kidogo, ndani ya ndevu.
"Mimi nauza tunda," akasema.
"Yanayotokea njiani ni ya mwenye lori."
"Nami nauza togwa iliyochelewa," akajibu Damari.
"Yanayotokea tumboni ni ya mwenye tumbo."

Mimi sinywi. Niliapa nikiwa na miaka kumi na tisa,
mbele ya kanisa zima, sauti ikitetemeka,
na kiapo kile ni changu kama jino langu.
Nikajiuliza, hapo juu ya karatasi:
kingekuwa na ladha gani
lau mgambo angesimama nyuma yangu
kanishika bega?
Kisha nikamkumbuka Lameki,
na bega lake, usiku ule,
ambalo hakuna aliyelishika.
Nikashindwa kujua nimemaliza kufikiri au la.

Kura: saba, saba,
watatu wakatazama dari.
"Andika," akasema mtendaji,
"imerejeshwa kwa mashauriano zaidi."
Nikaandika, kwa nyekundu.

Halafu akasema maneno anayoyasema kila kikao,
ambayo nadhani sikuwahi kuyasikia kabla ya siku ile:
"Tusimame. Kila mmoja kwa imani yake."
Viti vikaburuzwa. Shehe akafungua viganja.
Obadia akafumba macho, midomo ikitaja jina fupi.
Fundi baiskeli akainamia vidole vyake vyenye grisi.
Damari akabaki ameketi, uso mlangoni;
pengine anaomba,
pengine anahesabu mapipa.
Nusu dakika. Mwenye kauli ni bati peke yake.

Fomu ya muhtasari haina mstari wa jambo hilo.
Nimeacha nafasi, upana wa vidole viwili.
Mkaguzi akiuliza,
nitasema wino uliisha.