Msumari wa Ayikoru

Kabla ya kufika Koboko pikipiki ililegea kiuno
kama mlevi anayepapasa kiti.
Gunia la muhogo likaniegemea mgongoni.
Nikashuka, nikasukuma.
Jua la saa saba halikunisaidia kusukuma.

Chini ya turubai Ayikoru hakuuliza kitu.
Vyuma viwili, goti moja, tairi likaachia ringi.
Akaivuta tyubu kama utumbo wa mbuzi,
akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni,
akangoja.
Povu moja. Povu la pili.
Hapo.

Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza
kama anayepoza uji wa mtoto.
Kiraka. Nyundo mara tatu.

Kisha akapitisha vidole vitupu ndani ya tairi
akaunasa: msumari wa bati, wenye kofia pana.
“Huu ni wangu,” akasema.
“Upepo wa Aprili ulilibeba paa langu
ukapita nalo kwa barabara hii hii.”
Akautupa koponi. Kopo likaitikia
mlio wa kitu kilichokwisha kujaa nusu.

Elfu mbili. Nikalipa.
Nilitaka kuuliza ni upepo gani huo
unaopanda misumari hatua mia
kutoka mlangoni pa fundi.
Lakini nyuma yake niliiona nyumba:
kuta nne na mawingu.

Nikapiga kiki.
“Bado arobaini,” akasema, akipangusa mikono.
“Ukirudi, pita pembeni, kwenye majani.”