Mashine Namba Nne, Mbale

Mashine namba nne ina kumbukumbu ya gigabaiti mbili,
haijawahi kuomba zaidi.
Bwana Asava aliinunua mnadani Kakamega
pamoja na kiti chenye mguu uliofungwa kamba,
akaniambia: "Rasoa, huyu ni ng'ombe mzee.
Mkamue polepole."

Lakini Kageha haji polepole.
Huingia saa nne, mikono ingali myeupe kwa unga wa kinu,
hufungua dirisha, na ndani ya dirisha vichupo,
cha kwanza, cha pili, cha tisa, cha ishirini,
hadi majina yanabanana huko juu,
yanabaki herufi mojamoja,
kisha hayabaki chochote.
Akitoka hunyoosha kidole:
"Usifunge hata kimoja. Narudi."

Ikifika adhuhuri kishale kinajikokota.
Feni inanguruma
kama lori la mawe likipanda Riat.
Kijana wa leseni anagonga meza:
"Si uzime, uwashe!"
Ushauri wa kila mtu kwa kila kitu.

Sikuzima. Nilifungua orodha ile
inayotaja nani anakula nini,
nikaisoma kama asomaye michango ya matanga:
kuku wa kienyeji, megabaiti mia nne na kumi,
kisa ni jogoo mmoja wa tangazo
anayecheza bila kuchoka;
mapazia ya sebuleni, mia tatu;
matokeo ya mpira, mia mbili sabini, na sijui ni ya nani.
Chini kabisa, nusura nisiione,
barua ya hospitali.
Maandishi matupu. Hakuna picha.
Kumi na moja.

Nilidhani mizani imeharibika.

Nikamchinja jogoo kwanza.
Mapazia nikayakunja.
Mashine ikashusha pumzi, kijana akapiga chapa leseni yake.
Barua sikuigusa, haki ya Mungu,
lakini kivinjari kikibanwa
hutupa chenyewe kilicholala muda mrefu,
kinaacha jina mlangoni na chumba kitupu.

Saa tisa Kageha akabofya.
Weupe.
*Muda wako umekwisha. Weka namba ya mgonjwa.*

Nikaanza kujitetea, gigabaiti hivi, gigabaiti vile.
Hakunisikiliza. Alifumba macho,
akaitaja: tarakimu tisa,
bila kukwama, bila karatasi,
kidole kikiacha nukta za unga mezani.

"Kumbe unaijua!
Basi mbona unaiacha wazi kutwa?"

"Nilitaka na kitu kingine kiikumbuke," akasema,
"ninapokuwa kinuni."

Siku hizi nina daftari la mistari.
Kila anwani yake naiandika kwa kalamu
kabla sijafunga, na tarehe pembeni.
Barua ina ukurasa wake.

Jana alilipitia lote, akilamba kidole,
akanirudishia uso umekunjamana.
"Na jogoo?"

Jogoo, mama, anakula mia nne na kumi.

"Mrudishe."

Nikamrudisha.