Daftari la Abuto

Kaka yangu Abuto hupiga gitaa, mimi hupiga hesabu,
na kati yetu wawili
ni mimi ninayelala vidole vikiniuma.

Ukurasa wa kwanza: studio ya Nyalenda, elfu sita,
saa nne, umeme ukapotea mara mbili.
Nyuzi mpya, mia tisa.
Soda ya mpiga ngoma, ambaye hakuja.

Ukurasa wa pili una mstari mmoja:
Promosheni, elfu kumi na nane.
Usome vizuri. Hao ni mbuzi watatu wa mama,
waliotoka Kombewa wakiwa wanalia.

Mama alikuwa amesema, kizuri chajiuza.
Wakala akasema, biashara matangazo.
Ofisi yake juu ya duka la dawa: viti viwili, feni moja,
na picha yake ukutani, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.
Nikamtazama mama. Mama huuza omena Kibuye kila Jumapili,
na sijapata kumwona akikaa kimya kungoja omena ijiuze.
Huita, hutania, huongeza kiganja juu ya gorogoro,
humwita shemeji mtu asiyemjua.

Basi tukalipa.

Nambari zikatanda kama gugu maji:
jioni ghuba ni tupu, asubuhi kijani kitupu,
na mtumbwi haupiti.
Elfu arobaini na moja!
Abuto alicheza uani bila viatu.
Mimi nikafungua takwimu.

Wote walisikiliza sekunde thelathini na moja.
Si thelathini. Si dakika. Thelathini na moja.
Sauti ya Abuto huingia sekunde ya arobaini.

Waliishi katika mji mmoja nisioweza kuutamka,
wakiamka pamoja saa tisa usiku
kama kuku wa kisasa taa inapowashwa.
Hakuna aliyeuliza huyu anayeimbwa ni nani,
huyu baba aliyerudi nyumbani na funguo za ghala la Miwani
siku kiwanda cha sukari kilipofungwa,
akazitundika msumarini, akazipaka mafuta kila mwezi.
Hakuna hata aliyetukana.
Hilo ndilo lililoniuma. Kisumu mtu akikusikia kweli
lazima akukosoe.

Mwezi wa tatu, simu.
Perpetua Adongo, wa Ahero, anapalilia mpunga.
Kumbukumbu ya mumewe, fundi wa mitambo, Miwani hiyo hiyo.
Tunautaka ule wimbo, alisema, na tunautaka wote.
Elfu nne, na kuku.
Nikamuuliza, mama, ulitupata wapi?

Mwanangu alitafuta nyimbo za Miwani, zikaja mbili.
Yenu ilikuwa na watu elfu arobaini na moja.
Nikasema, hawa lazima ni watu wa maana.

Sikumwambia kitu. Nilisema asante.

Ahero walikaa kimya mpaka ubeti wa mwisho,
kisha mzee mmoja akainuka, kofia mkononi,
akamwambia Abuto: umekosea hapo katikati,
ghala lile lilikuwa na funguo mbili tu,
ya tatu ilikuwa ya choo cha meneja.
Watu wakacheka hadi mjane akacheka.
Abuto akaurekebisha ubeti palepale, akaimba tena.

Sasa ni usiku. Mapato, elfu nne, nimeandika.
Kuku amefungwa kwenye mguu wa meza,
anadonoa pembe ya daftari,
na sijui nimwandike wapi:
aliletwa na wimbo, au aliletwa na uongo niliolipia?
Abuto anauliza kutoka kitandani, ilitulipa au haikutulipa?
Namwambia alale.

Simu inawaka. Wakala:
Mteja wetu mpendwa, wiki hii tu, elfu kumi na tano.
Mama ana mbuzi mmoja aliyebaki, na ana mimba.

Sijamjibu.
Sijaufuta.