Rangi za Ukingo

Kimekuja Ijumaa, ndani ya ndoo yenye mfuniko,
kimeshinda usiku kucha na formalini tumboni,
kimejaa kama kilivyojaa alfajiri, mwenyewe hajaamka.
Nje, Łódź yote ni theluji.

Mwandiko wa Dakta Gniewomir, utadhani kuku kaparura:
mwanamume, miaka sabini na mmoja, kibofu na tezi dume.
Na pembezoni, kama porojo tu:
*alikuwa mtia rangi, kiwanda cha pamba.*

Jagna, mwanafunzi wangu, ashika brashi.
Kulia buluu, kushoto nyeusi.
"Taratibu," namwambia. "Wino huu ndio mpaka.
Hadubini haitauliza tunakumbuka nini."

Nakipasua kwa mbele, tangu shingo hadi paa.
Matundu mawili ya mirija yanikodolea macho.
Na pale, ukuta wa kushoto, umejikalia:
sentimita tatu nukta mbili, umechimbika katikati.
Rula haina huruma. Haina chuki pia.

Kisha mafuta. Nayaminya kwa vidole,
natafuta tezi za limfu, nyingine ndogo kuliko dengu.
Kumi na nne. Jagna atazama saa, njaa inamuuma.
Narudia.
Kumi na tano.

Jumanne vioo vyaja, waridi na urujuani.
Mama alisimulia mto wa mtaani kwao:
leo mwekundu, kesho kijani,
watoto wakiwekeana dau la peremende.
Siku hizi mto unapita gizani, chini ya lami.
Huyu rangi zilimwingia kwa vidole,
zikamngoja kibofuni miaka arobaini,
nami namsaka adui yake kwa rangi nyingine.
Dawa ya moto ni moto, husemwa.
Mimi si dawa. Naandika tu moto umefika wapi.

*Saratani imeingia msuli, nusu ya ndani.
Mafuta hayajaguswa.
Tezi kumi na tano, zote salama.
Kingo safi, ila mrija wa kushoto*

Nabadili lenzi. Seli chache, kubwa, zimekosa adabu,
bado hazijavuka utando.
"Unaona?"
"Naona," asema Jagna, na njaa imemtoka.

*Ila.* Silabi mbili.
Mtu atazisikia kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani.

Ripoti yetu haina kisanduku cha kazi.
Nashuka hadi mstari wa maelezo mengineyo,
naandika: mtia rangi.
Natia sahihi.