Tundu la Sita

Shaba niliijua. Miaka kumi na mmoja kiwandani
niliivuta kama mtu anayefumua sweta kuukuu:
ilikuja, ikaja, haikuniuliza kitu.
Kisha Jinja ikafunga lango lile, nikarudi Walukuba
na koleo mbili na bamba la matundu saba
nililopewa badala ya mshahara wa mwisho.

Hii si shaba.
Ni magnesi, gamba la giaboksi ya gari
lililolala nyuma ya kanisa hadi kuku wakataga ndani yake.
Ukiinyanyua unadhani umepunjwa:
chuma gani hiki chenye uzito wa mkate?
Ivute baridi, ta! imekatika.
Hainung'uniki kwanza.
Inakatika kama neno la mtu aliyekwisha kuamua.

Jumatatu vipande vinne. Jumanne sikuhesabu.
Kagoya, binti wa dada yangu, aliviokota,
akavipanga kizingitini kwa urefu, kama ndugu.
"Mjomba, unaiharakisha."
Nikamwambia ashike kazi yake.

Ni yeye aliyeleta kipande cha sabuni ya kufulia.
Chora mstari juu ya ufito, sogeza makaa, ngoja.
Mstari ukiwa rangi ya chai ya maziwa, bado.
Ukiwa rangi ya kahawa, toa.
Ukichelewa itawaka nyeupe, nyeupe ya kupofusha,
na maji hayaizimi, yanaichochea;
ndiyo maana karai la mchanga mkavu halibanduki mguuni pangu,
na nyusi hizi mnazoziona ni za mwaka huu.

Nta ya nyuki. Tundu la kwanza, ingali na joto.
Ikianza kukwaruza mkononi, ugumu wake unarudi,
acha. Motoni. Sabuni tena.
La pili. Motoni. La tatu. Motoni.
Mwenye haraka akanunue waya dukani.

Leo saa tisa umeme ulikatika mtaa mzima,
redio ya jirani ikanyamaza katikati ya matangazo ya vifo,
ndipo tukaisikia ikipita tundu la sita:
sauti ndogo, kama mtu akunjaye karatasi chumba cha pili.
Kagoya ndiye aliyevuta. Mimi nilishika bamba tu.

Pima moja na shibiri.
Tukaipeleka kwa muuza misumari aipime;
sindano ya mizani haikujisumbua.
Akagonga sahani, akatutazama:
"Mmeleta nini?"

Kagoya akaizungusha kidoleni, taratibu, ili aone.
Mara moja. Mbili. Tatu.
Haikukatika.
Ya nne nilimzuia.