Ngazi

Theluji imevunja vigae vya paa la Spas.
Fikret kaja na misumari mfukoni,
kaja na hoja ya jana, haijapoa.

"Mungu hazai," asema, kaishika ngazi.
"Nimekwambia tangu masika."
Spas yuko juu, nyundo mkononi,
pumzi yake moshi:
"Nami nasema alilia horini, mchanga, ana njaa.
Nipe kigae."

Anampa.

Miaka thelathini na mmoja katika milima ya Rodope
nyuki wao hunyonya maua mamoja;
wenyewe hawachanganyi imani.
Hakuna aliyewahi kusema "yote ni mamoja."
Fikret huliona neno hilo tusi,
Spas huliona uvivu.

Mara moja tu walinuniana, juma zima.
Spas aliicheka saumu ya mwenzake.
Akamfuata hadi mizingani, kofia kaivua:
"Sikubaliani nawe. Ila kule kucheka, nilikosa."

Sasa upepo umegeuka, ngazi inatikisika.
"Umepotea," Fikret anapaza sauti kutoka chini,
"umepotea kabisa, jirani!"
na ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili,
shavu lake juu ya mti wa baridi.